Nikibaki kwenye basi Mtito Andei, si kwamba sina njaa

Kama umewahi kupanda basi la Nairobi kwenda Mombasa, Mtito Andei unaijua. Dereva anaegesha, makanga anatangaza dakika ishirini, na nyote mnashuka mbio, huyu chai, yule choo. Lakini kuna abiria mmoja hubaki kwenye kiti akijifanya yuko bize na simu. Kwa miezi kadhaa, abiria huyo alikuwa mimi.

Nina stoma. Utumbo wangu ulijisokota ukaziba, madaktari wakakata kipande kilichokufa na kutoa ncha ya utumbo kwenye tumbo, upande wa kushoto. Haja kubwa hupitia hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Hakuna aliyenirogea. Na si lazima iwe kansa, ingawa kwa wengine ni kansa kweli. Wengine walipata ajali, au taifodi iliwatoboa utumbo, na wapo watoto wanaozaliwa bila njia ya haja. Kuna wanaorudishiwa utumbo baada ya miezi, kuna wanaokaa hivyo maisha yote.

Najua unachotaka kuuliza. "Si unanuka?" Mfuko umetengenezwa kwa plastiki inayozuia harufu. Ukibandikwa vizuri na kumwagwa kabla haujajaa, utakaa kando yangu hadi Mombasa na hutajua. Harufu hutoka wakati wa kuumwaga, kama tu wewe ukienda haja. Ukikutana na anayenuka, huenda mfuko umevuja, au hana pesa za mfuko na amejifunga nailoni na kitambaa. Hiyo si kukosa usafi, ni kukosa pesa.

Ati hatuwezi kuwa na wapenzi? Wako wanawake waliobeba mimba na kujifungua wakiwa na stoma. Baharini pia naingia, maji hayaniingii tumboni.

Uongo ulioniumiza zaidi, lakini, niliuamini mwenyewe. Nilidhani nisipokula tangu jioni, mfuko utabaki mtupu safari nzima. Wapi! Utumbo haujui kama unasafiri. Ukiwa mtupu unaendelea kutoa ute na gesi, na gesi ndiyo hufurisha mfuko. Na afadhali hata mimi. Aliyetolewa utumbo mwembamba hupoteza maji na chumvi nyingi zaidi, na kwa lile joto la Mtito Andei, kukaa bila kunywa kunaweza kumlaza hospitalini. Muuguzi alinigombeza kweli: kula kidogo kidogo, tafuna vizuri, kunywa maji.

Basi nikaanza kushuka. Choo cha kwanza nilichoingia hakikuwa na maji, wala msumari wa kutundika begi, wala debe la taka. Nimeshika begi kwa meno, mkono mmoja mfuko, mwingine chupa ya maji, na nje msee anagonga mlango: "Wee, umelala huko?" Siku nyingine niliingia choo cha walemavu. Nilipotoka na miguu yangu miwili, mama mmoja akanisonya.

Stoma haina msuli wa kubana kama ulio nao wewe. Mtu akimwomba dereva asimame kabla ya Kibwezi, hamsumbui, mfuko umejaa. Ndiyo maana nikipata tiketi napanda treni, kwa sababu ina choo ndani. Ila tiketi za treni huisha mapema, na msiba haungoji ratiba.

Wenye hoteli za Mtito Andei, msumari mmoja mlangoni, debe lenye kifuniko na jerikeni ya maji havitawafilisi. Nawe msafiri, ukikuta mlango umefungwa, ngoja zamu yako.

Siku hizi nikimaliza chooni naagiza chapati mbili kwa ndengu. Ndengu naziogopa kidogo kwa sababu ya gesi, lakini hapa ni Ukambani, utafanyaje?