Wingi wa Spika Haufikishi Neno

Ukienda kukodi vyombo vya sauti hapa Ruti, Uganda, swali la kwanza utakaloulizwa ni unataka spika ngapi. Ni nadra kuulizwa shughuli yenyewe ni ipi: harusi, mkutano wa injili, au filamu ya afya itakayoonyeshwa usiku uwanjani katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale huku mtu akiifasiri kwa maiki. Bei inahesabiwa kwa spika, fundi anasifiwa kwa spika, na mwenye shughuli akirudi nyumbani masikio yakimlia anaona fedha yake imefanya kazi. Imani hiyo, kwamba sauti kubwa ndiyo sauti nzuri, inatuharibia maonyesho, na inawaumiza zaidi wale ambao maonyesho hayo yameandaliwa kwa ajili yao.

Nakivale ilianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na wengi wao wanakutana katika Kiswahili. Lakini kwa wengi ni lugha ya pili au ya tatu. Mtu aliyezaliwa ndani ya lugha akikosa silabi huijaza mwenyewe. Aliyejifunza ukubwani hana akiba hiyo. Sasa tangaza kwamba mgao ni saa sita, kwa spika zinazonguruma. Katika “sita” na “tisa” irabu ni zile zile. Kinachozitofautisha ni s na t zilizobadilishana nafasi, sauti dhaifu ambazo nguvu yake iko juu, kuanzia hezi elfu mbili hivi. Besi ikizidi, zinamezwa. Mama anafika saa tisa, anakuta mahali peupe. Mtangazaji atamwambia kwamba tangazo lilisikika mpaka ng’ambo ya ziwa, na atakuwa anasema kweli.

Hesabu yenyewe inaikataa imani hii. Ukizidisha wati maradufu unapata desibeli 3 tu zaidi, tofauti ndogo kwa sikio. Ili msikilizaji aseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji karibu wati mara kumi. Na uwanjani sauti hupungua kama desibeli 6 kila umbali unapozidi maradufu. Rundika spika zote jukwaani: aliye mita 2 akipata desibeli 110, aliye mita 32 anabakiwa na 86 hivi. Nani wanakaa mita 2 kutoka kwenye spika? Watoto. Wanawahi, wanakaa chini mbele kabisa, na hakuna anayewaondoa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango kwa kumbi na maonyesho: wastani usizidi desibeli 100 katika dakika 15. Sisi tunawaketisha watoto wetu kwenye zaidi ya hapo usiku mzima, tunaita burudani.

Dawa ni kuzitawanya spika. Nusu yake zipelekwe katikati ya uwanja, zilie kwa upole, na sauti yake icheleweshwe. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 34 kutoka jukwaani isipocheleweshwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, aliye karibu nayo atasikia kila neno mara mbili. Mikisa nyingi za kidijitali zinaweza kufanya hivyo. Mafundi wangapi wanaigusa sehemu hiyo?

Ndani ya kibanda cha video mambo ni mabaya zaidi: mabati juu, matofali pande zote, sauti inagonga na kurudi. Ukiongeza sauti, mwangwi nao unaongezeka kwa kiasi kile kile, na neno linabaki na ukungu ule ule. Ndiyo maana VJ mahiri wa Uganda, yaani mfasiri wa filamu kwa maiki, ananipa moyo. Mtazame mikono: mmoja umeshika maiki, umbali wa vidole vinne kutoka mdomoni, mwingine uko kwenye mikisa, haupumziki. Mwigizaji akianza kusema, sauti ya filamu inashushwa, VJ anaingia na tafsiri. Bunduki ikilia, filamu inarudishwa juu, naye ananyamaza. Dunia ilipoijua filamu ya Isaac Nabwana ya 2010, “Who Killed Captain Alex?”, iliijua pamoja na sauti ya VJ Emmie, na hakuna anayeisifu kwa wati. Mlinganishe na mshereheshaji anayefumbata kichwa cha maiki kwa kiganja. Akiyaziba matundu ya nyuma, maiki inaanza kupokea sauti kutoka kila upande, spika zikiwemo, nayo inapiga mluzi. Watu wanaziba masikio, na anamgeukia fundi: ongeza!

Tulikuwa na mfano mwingine zamani. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri huko Usambara, ulipeleka sinema kwa gari katika nchi zetu, Uganda ikiwemo. Sauti yao ilikaa kwenye santuri, mbali na filamu, hivyo picha moja iliweza kusimuliwa kwa lugha za mahali mbalimbali. Mradi ulikuwa wa kikoloni na siutetei. Lakini walijua kwamba mtazamaji asiyefahamu maneno hajafikiwa.

Najua nitaambiwa kelele huvuta watu. Zivute basi: piga muziki kwa nguvu hadi watu wajae, kisha shusha, maneno yaanze. Mvua ikiangukia mabati, pandisha. Huo ndio ufundi, kujua ni lini.

Tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani, na spika zitapakiwa tena kuelekea Nakivale. Waandaaji watenge saa moja kabla ya watu kufika. Mtu asimame mstari wa mwisho, asiwe fundi wala mtu wa ofisi. Awe mkazi aliyejifunza Kiswahili pale pale makazini. Asomewe matangazo matatu yenye saa na mahali, ayarudie. Akikosea, fundi asipandishe sauti: apunguze besi, asogeze spika, ajaribu tena, na malipo yake yangoje hadi mkazi huyo ayarudie yote matatu sawasawa.