Sonara na Mkata Karatasi

Kuna wasomi wa sanaa wasemao kwamba sonara atazamaye ua bustanini ni mbuni, lakini sonara alichukuaye ua lile lile katika vazi la Kijapani ni mwigaji tu. Kauli hii husikika sana yanapotajwa mapambo ya enameli yaliyofanywa kwa mkono mjini Paris katika nusu ya pili ya karne ya 19. Ina sura ya haki, na kwa hiyo imewapotosha wengi; lakini waisemao hawajapata kuuliza ua hupitaje motoni.

Enameli ni unga wa kioo chenye rangi. Sonara hukunja waya mwembamba wa dhahabu au wa fedha, akausimamisha wima juu ya bamba, akafanya vyumba vidogo vidogo. Kila chumba hukijaza unga, kisha bamba likaingia katika tanuri yenye joto la nyuzi kama 800. Unga huyeyuka na kunywea, naye hujaza tena na kuchoma tena, mpaka kioo kilingane na waya, ndipo asugue. Ncha za waya zisipokutana, rangi ya jani huvuja ikaingia katika ua. Basi sonara hana ruhusa ya kuchora kila alionalo. Ua la bustanini lina vivuli na kingo zisizo dhahiri, wala hapana waya uwezao kuvifuata vyote. Hapana budi mtu alifupishe ua kabla halijafika kwenye bamba.

Kazi hiyo ya kufupisha ilikwisha fanywa zamani huko Japani, si na masonara, bali na wakata karatasi wa Shiroko, katika nchi ya Ise. Karatasi ya magome ya mforosadi hugandishwa tabaka kwa tabaka kwa maji ya tunda liitwalo kaki, hukatwa kwa kisu chembamba, na mtia rangi huilaza juu ya kitambaa akapaka rojo la mchele penye matundu. Palipopakwa hapaingii rangi. Kiolezo hiki huitwa katagami. Sheria yake ni ile ile ya waya: kila jani la ua sharti litengwe na jirani yake kwa ukanda wa karatasi, ama sivyo katikati ya ua huanguka chini. Sonara alitazamaye vazi la namna hii hapokei sura ya ua tu; anapokea shauri la fundi mwenziwe.

Tena, kama kuiga ni aibu, aibu hiyo haikuanzia Paris. Yasimuliwa kwamba karibu na mwaka 1833 Kaji Tsunekichi, mtu wa Owari, alipata sahani ya enameli iliyoletwa na Waholanzi, akaivunja ili aone ilivyofanywa. Ufundi ulioenea kutoka kwake ulimfikia Namikawa Yasuyuki wa Kyoto, aliyepewa mwaka 1896 cheo cha fundi wa nyumba ya Mfalme wa Japani. Hapana amwitaye Namikawa mwigaji.

Mpinzani atamtaja Namikawa Sosuke wa Tokyo, aliyeondoa waya kabla ya kuchoma ili rangi zikutane kama wino wa brashi. Ni kweli, na kazi zake ni za ajabu. Lakini naye aliiga: aliiga picha za wino. Kuiga picha huitwa ustadi, kuiga nguo huitwa unyonge! Kumbe kauli ile haikatazi kuiga. Inadharau nguo na wazifanyao.

Wenye kudharauliwa wamepata hasara. René Lalique anajulikana kwa jina, na anastahili. Alexis Falize, aliyefanya mapambo ya enameli kwa michoro ya Kijapani katika miaka ya 1860, anajulikana pia; Antoine Tard, aliyemtilia enameli hiyo, wachache humtaja. Violezo vya katagami viliingia Ulaya kwa maelfu, navyo vimelala katika makabati ya makumbusho, aghalabu bila jina la mkataji. Msomaji wa pwani hana haja ya kwenda mbali: kanga nyingi zilizovaliwa Unguja na Mombasa katika karne ya 20 zilichapwa Japani, na ni nani awezaye kumtaja aliyechora pindo lake?

Palipo na kiolezo kilichozaa pambo, kibao cha makumbusho kina nafasi ya mstari wa pili, hata kama mstari huo utasema tu kwamba palikuwa na mkataji, na kwamba jina lake halikuulizwa.