Picha ya Biashara: Vaa Kazi Yako, Si Suti ya Kuazima

Siku hizi mteja hukuona kwenye simu kabla hajakuona dukani. Anafungua namba yako, anatazama ile picha ndogo ya duara pale juu, halafu anaamua: nimtumie pesa huyu ama niulize mwingine? Na bado wafanyabiashara wengi wameweka picha ya ua, ya gari la mtu, ama ya harusi ambapo bega la jirani limebaki likining'inia pembeni.

Kuna wanaojitahidi zaidi. Wanaazima suti, wanaenda studio, wanakunja mikono mbele ya pazia la bluu. Mimi naona hiyo pia haisaidii sana. Kama wewe ni fundi wa pikipiki, suti haimwambii mteja chochote kuhusu kazi yako. Ovaroli safi na spana mkononi zinamwambia. Mama anayepika chapati apigwe picha akiwa na aproni, nywele zimefungwa, na jiko lake nyuma. Suti iachiwe wakili, mhasibu na ajenti wa bima, kwa sababu kwao hiyo ndiyo ovaroli.

Hili si jambo la urembo tu, ni la pesa. Mteja akilipa kwa namba ya till, jina ulilosajili hutokea kwenye simu yake. Hapo analinganisha vitu vitatu: jina la till, jina la profaili yako, na uso anaouona. Vikipatana, anaweka PIN bila wasiwasi. Visipopatana, anasita, na huwezi kumlaumu. Matapeli wamemfunza kusita. Kwa hivyo matayarisho ya picha hayaanzi na nguo. Yanaanza na jina. Kama kibao cha duka kinasema hivi na till inasema vile, rekebisha usajili kwanza, ama andika wazi kwenye profaili jina ambalo mteja ataliona akilipa.

Baada ya hapo, mambo ni rahisi. Nyoa ama suka siku mbili tatu mapema, ili nywele zitulie. Vaa rangi moja. Mistari myembamba huchezacheza kwenye kamera. Piga asubuhi kabla ya saa nne ama jioni baada ya saa kumi, kwa sababu jua la mchana huweka vivuli chini ya macho. Simama kwenye mlango wa duka, ndani kidogo ya kivuli, ukitazama nje. Usiweke dirisha lenye mwanga mkali nyuma yako, maana sisi wenye ngozi nyeusi tutatoka giza tupu. Pangusa lenzi na kitambaa safi, gusa uso kwenye skrini ili kamera iupime, na anayepiga arudi nyuma hatua mbili. Akikukaribia sana, pua inakuwa kubwa kuliko biashara. Acha nafasi kuzunguka kichwa ili ile duara isikukate.

Filta, achana nazo. Mteja akifika dukani asikuulize mwenyewe yuko wapi.

Halafu angalia kilicho nyuma yako. Hapa ndipo nawasihi hasa maajenti wa pesa za simu. Daftari la miamala likiwa wazi kwenye kaunta, picha yako nzuri inabeba majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya wateja. Lifunge. Ondoa kitambulisho chako, na simu yenye ujumbe wa salio. Na kama kuna mteja kwenye picha, omba ruhusa yake kwanza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Hiyo ni pesa ya kufunga duka.

Ukiamua kumlipa mpiga picha, kubalianeni mapema: picha ngapi, lini, na kwamba utapewa faili kamili. Soma jina lake kwenye simu kabla ya kutuma malipo ya kwanza, vile vile ungetaka mteja wako asome lako.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chapati haiwezi kunukia kwenye simu. Kabla mteja hajaionja, kitu pekee alicho nacho ni jina lako na uso wako. Chagua picha moja, iweke kila mahali unapouza, na uibadilishe ukibadilika.