Mambo ya Nyumbani: Chai ya Tangawizi Mbichi

Katika nyumba nyingi za Kenya chai hupikwa asubuhi, na hupikwa tena mgeni abishapo hodi. Wengi hutia ndani yake unga wa viungo wa dukani, wala hawaulizi umesagwa lini au umechanganywa na nini. Mwenye kutumia tangawizi mbichi hana haja ya kuuliza, maana ameichagua sokoni kwa macho yake. Hata hivyo upishi huu una utaratibu wake, na asiyeufuata hupoteza maziwa na sukari bure.

Tangawizi njema ni ngumu, nzito mkononi, na ngozi yake haina makunyanzi. Yenye ukungu yafaa itupwe. Manjano mabichi ni jamaa ya tangawizi. Yana umbo la vidole vyembamba, na ndani ni mekundu ya machungwa. Mpishi asiyakate akiwa amevaa nguo nyeupe, maana doa lake halitoki upesi.

Kwa vikombe vinne vya chai, vitu hivi vyatosha: maji vikombe vitano, tangawizi kiasi cha kidole gumba, manjano nusu ya kiasi hicho, kijiti kimoja cha mdalasini, iliki nne zilizopasuliwa na karafuu tatu. Mwenye mchaichai bustanini aongeze majani mawili yaliyofungwa fundo.

Tangawizi na manjano vioshwe vizuri mpaka udongo wote utoke, kisha ganda likwanguliwe kwa ubavu wa kijiko. Kisu hukata nyama nyingi pamoja na ganda. Halafu vipondwe kidogo katika kinu, vitiwe katika sufuria ya maji baridi pamoja na viungo vingine, na sufuria ifunikwe. Maji yakichemka, moto upunguzwe, na sufuria iachwe kwa muda wa dakika 15. Kisha chai ichujwe, na kila mtu atie sukari apendavyo. Chai hii haihitaji majani ya chai, kwa hiyo yafaa hata jioni kwa yule anayekosa usingizi kwa sababu ya chai ya kawaida.

Wapendao maziwa ndio wanaopata hasara mara nyingi. Mpishi mwenye haraka hutia maziwa na tangawizi mbichi pamoja, na mara huona maziwa yamekatika mabonge. Humlaumu muuza maziwa, kumbe muuza maziwa hana kosa. Ndani ya tangawizi mbichi mna kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa na kuyagandisha. Huko Guangdong, kusini mwa China, wapishi hukitumia makusudi: humimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi, yakaganda, wakayala kwa kijiko. Lakini kimeng'enya hicho hufa kwa moto. Basi tangawizi ichemke kwanza katika maji kwa dakika 10 au zaidi, ndipo maziwa yatiwe. Haraka haraka haina baraka, hata jikoni.

Mwenye nafasi ndogo aweza kupanda tangawizi yake mwenyewe. Kipande chenye jicho hufukiwa katika udongo laini, hata katika debe lililotobolewa chini ili maji yasituame. Huwekwa penye kivuli kidogo, na baada ya miezi minane hadi kumi huvunwa.

Limebaki jambo moja, nalo ni kubwa kuliko yote. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, na chai ya moto huliwaza koo lenye mafua. Kwa ajili hiyo wako wazazi wanaomnywesha mtoto mwenye homa chai hii siku mbili tatu, wakingoja apone. Chai haiui vijidudu vya malaria, wala haitibu kichomi. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo akapimwe damu. Na akipumua mbio mbio, akikataa kunyonya, au akishikwa na degedege, asingojewe hata saa moja. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita anywe maziwa ya mama tu, na asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, maana huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo changa haliwezi kuvishinda. Kadhalika mtu mzima anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari wake kabla ya kuzoea tangawizi na manjano kwa wingi.

Chai ya tangawizi na ikae mezani, imkaribishe mgeni na kumpasha joto mwenye baridi. Kazi ya kutibu iachiwe wenye kazi yao.