Wa Ishirini na Moja Hana Kosa

Majina ya waliopata ufadhili wa uzamili yakishabandikwa, mtaa hutoa hukumu kabla jua halijazama. Aliyepata ni kichwa. Aliyekosa GPA yake haikutosha, au hakujiandaa, au "hana mtu". Wazazi wanaamini hivyo, wahadhiri wanaamini hivyo, na linaloniudhi zaidi ni kwamba waliokosa wenyewe wanaamini, wakafunga faili wasiombe tena. Chini ya hukumu zote hizo kuna imani moja: kwamba ipo orodha ya kweli ya waombaji, kuanzia aliye bora hadi aliye dhaifu, na kazi ya jopo ni kuifunua tu. Mimi nasema orodha hiyo haipo.

Tuanze na GPA, maana ndiyo inayoabudiwa. Tanzania daraja la kwanza huanzia 4.4 kati ya 5, na anayetaka kubaki chuoni afundishe huulizwa 3.8. Zinaonekana tarakimu zisizo na utani. Lakini kila aliyepita chuo kikuu anazijua idara zinazogawa A kama njugu, na anazijua zile ambako B+ hufanyiwa sherehe. Jopo likiiweka 4.5 ya huku juu ya 3.7 ya kule, halijawalinganisha wanafunzi hao wawili. Limewalinganisha wasahihishaji wao.

Na hata hiyo GPA, kwenye skolashipu nyingi kubwa, hukufikisha mlangoni tu. Chevening, ambayo serikali ya Uingereza imekuwa ikiitoa tangu 1983, kwa kawaida hutaka shahada ya daraja la pili la juu, kisha saa 2,800 za uzoefu wa kazi, kisha insha kuhusu uongozi na mipango ya mwombaji, kisha usaili. Nani aliamua kwamba uongozi ndio upimwe, na si, tuseme, uvumilivu wa maabara? Mwenye fedha. Cecil Rhodes, mwenye skolashipu ya Rhodes, aliyefariki mwaka 1902, hakuona hata haja ya kuficha. Katika wosia wake alitoa mfano wa alama 200: 60 za masomo, 40 za michezo, 60 za ujasiri, uwajibikaji na kuwatetea wanyonge, na 40 za tabia njema na kipaji cha kuongoza wenzake. Masomo hayakufika hata theluthi. Wanawake hawakuruhusiwa kabisa mpaka 1977. Hakuna mtaalamu aliyegundua popote kwamba michezo ina thamani ya alama 40. Tajiri mmoja aliipenda, basi. Sina ugomvi na mtu kuchagua atakachokigharimia kwa fedha yake. Ugomvi wangu ni pale tunapokichukua alichokipenda yeye tukakiita akili.

Sasa tuingie chumbani. Chukua jopo la kawaida: wasomaji watatu, vigezo vitano, kila kigezo alama 1 hadi 5, jumla 75. Nafasi ni ishirini, maombi mia tatu. Walio juu kabisa huonekana haraka, na wale wa chini nao huonekana: insha ya kunakili, kiambatisho hakipo, kozi aliyoiomba haina uhusiano wowote na alichokisoma. Kazi yote iko katikati, kwenye rundo la wenye 58, 59 na 60. Humo kuna msomaji mkali ambaye hajampa mtu 5 tangu aanze kazi, na kuna mpole anayempa 4 yeyote aliyeandika sentensi zinazosomeka. Faili lako likiangukia kwa yule mkali, saa kumi jioni, akiwa ameshasoma mengine thelathini, umeshapoteza alama 2. Kwenye rundo hilo alama 2 zinaweza kukushusha watu kumi na tano. Kisha katibu anaingiza kila kitu kwenye kompyuta, jumla inatoka na desimali, na kuanzia hapo hakuna anayethubutu kuigusa.

Barua za mapendekezo ndizo kichekesho. Mhadhiri wetu mwenye darasa la watu mia nne husema, "Andika mwenyewe, ulete nisaini." Kijana aliyelelewa asijisifu anajiandikia kwamba ni mtiifu, mchapakazi na mwenye ushirikiano mzuri. Mpinzani wake amesoma Marekani, na profesa wake ameandika kurasa mbili kwamba hajawahi kuona mwanafunzi wa namna hii. Barua zote mbili hupewa alama, na kwa unyoofu kabisa, kana kwamba zilizopimwa ni sifa za vijana hao na si mazoea ya nchi mbili.

Nisidhaniwe kwamba lawama hizi ni za wasomaji wazembe tu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walichapisha jaribio ambamo wanasayansi 43 walipewa maombi 25 ya fedha za utafiti wayatathmini kama inavyofanyika kwenye Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Yote 25 yalikuwa mazuri, hatimaye yalipata fedha. Ikaonekana kwamba alama walizotoa wasomaji mbalimbali kwa ombi lile lile hazikufanana zaidi ya zile walizotoa kwa maombi tofauti. Hao ni wabobezi, wanasoma mambo ya fani yao.

Na wale wanaosema "hana mtu"? Wana nusu ya ukweli, ila si nusu wanayoidhania. Mwaka 1997 Christine Wennerås na Agnes Wold walichambua ufadhili wa baada ya uzamivu wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Sweden: waombaji 114, nafasi 20. Walilazimika kwenda mahakamani ili waonyeshwe alama. Waligundua kwamba mwanamke alihitaji machapisho yenye uzito wa mara 2.5 ya mwanamume ili apewe alama sawa za umahiri. Aliyekuwa na uhusiano na mjumbe mmojawapo naye alipanda, hata pale mjumbe huyo alipotolewa asimtathmini. Si lazima bahasha ipite, wala simu ipigwe usiku. Undugu wa jopo hauhitaji simu.

Wapo waliokubali yaishe. Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Uswisi tangu 2021 umeruhusu kura ya bahati nasibu ipigwe pale majopo yake yanaposhindwa kutofautisha maombi yaliyo kwenye mstari wa kukatia. Nikilisema hili mbele ya maprofesa wetu huniambia kura ni kuidhalilisha elimu. Kama ni hivyo, walete ushahidi kwamba orodha zao zinajirudia. Mwaka huu, kabla ya kubandika majina, maombi arobaini ya katikati yapewe majopo mawili yasiyoonana, na orodha zote mbili ziwekwe ubaoni watu wazisome. Gharama yake ni chai na posho ya jopo la pili.