Faini ya Mlevi Hulipwa na Nani?

Katika mdahalo wetu wa Jumamosi ya pili ya muhula huu, msemaji mmoja wa Kidato cha Tatu alisema kwamba dereva mlevi akitozwa faini kubwa atakoma. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa kengele ya chakula ililia kabla zamu yangu haijafika, nataka kuyasema hapa yale niliyokusudia. Mama nimemwomba ruhusa kwanza, maana habari yenyewe ni ya nyumbani kwetu.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori la viazi, akisafirisha toka Njombe hadi Dar es Salaam. Mwaka jana, wakati wa mvua, ambapo ulanzi kwetu ni mwingi kuliko chai, alikunywa tangu mchana, na magharibi akaondoa lori. Hakufika mbali. Alimgonga mwenye baiskeli akamvunja mguu, na lori likaingia mtaroni. Utingo alitoka mzima, naye ndiye aliyeandikwa kuwa shahidi.

Yafaa wenzangu waelewe mambo haya yanavyokwenda, kwa kuwa bwenini nasikia mengi yasiyo kweli. Askari hategemei pua yake tu. Kipo chombo cha kupulizia, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka mpaka wa miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu, kipimo kilekile ambacho Uingereza ilikiweka mwaka 1967. Kukataa kupimwa bila sababu ya haki ni kosa jingine, kwa hiyo ujanja wa kufumba mdomo haumsaidii mtu. Tena, kushtakiwa siko kutiwa hatiani. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa, na kazi ya kuthibitisha ni ya upande wa mashtaka. Mjomba alipewa dhamana, na sahihi iliyowekwa ilikuwa ya Mama.

Hapo ndugu wakaanza: "Dada, yamalizeni hukohuko, mpeni mtu chochote." Mama alikataa. Alimwambia Mjomba mbele yetu, "Mdogo wangu, ukipona kwa rushwa, safari ijayo utaua." Siku ile nilimwona mkali kupita kiasi. Leo naona alikuwa na haki.

Kesi iliahirishwa mara tatu, na kila mara nauli ilitoka kwa Mama. Mwishoni Mjomba alikiri kosa. Hakimu alimtoza faini, au akishindwa kulipa aende kifungoni, tena akamfungia leseni mwaka mmoja.

Sasa nauliza, nani alilipa faini ile? Si aliyekunywa. Mama aliuza nguruwe wawili pamoja na viazi tulivyokuwa tumeviweka kwa mbegu, na msimu uliofuata nusu ya shamba letu ilikaa majani. Mimi nilirudi shuleni na madaftari manne, nikawa naandika kwa herufi ndogo mno hata Mwalimu wa Historia akanionya. Mjomba usiku ule alilala kitandani kwake. Simlaumu hakimu, kwani alifuata sheria. Lakini naona faini inaruka kichwa cha mkosaji na kuwaangukia waliokuwa jikoni wakimngoja. Leseni haiwezi kuruka hivyo. Hakuna dada awezaye kufungiwa leseni badala ya kaka yake.

Najua nitajibiwa kwamba leseni ndiyo jembe la dereva. Ni kweli, na mwenye lori alimwachisha kazi wiki ileile. Watoto wake wawili walihamia kwetu, tukalala watatu kitanda kimoja wakati wa likizo. Hata hivyo, kwa mwaka mzima hakuna mwenye baiskeli aliyekuwa hatarini kwa ajili yake. Mtu aliyelipa faini tu asubuhi aweza kushika usukani jioni. Kwa hiyo ningependa mahakama zitangulize leseni, na faini iangalie uwezo wa nyumba itakakotoka.

Kuhusu aliyevunjika mguu, wapo wanaosema bima inamaliza yote. Bima ya lazima ipo kwa ajili ya watu kama yeye, haikuwekwa ili kumtakasa dereva. Mama alikwenda kumwona hospitali mara mbili, na mara ya pili Mjomba alikwenda naye, akakaa kimya karibu na mlango mpaka mgonjwa mwenyewe alipomwita, "Karibu, kaka, kaa."

Namwomba Mwalimu wetu wa Uraia, ikiwezekana, amwalike hakimu katika mdahalo wa muhula ujao, nimwulize swali langu uso kwa uso. Mjomba naye amesema akiitwa atakuja. Leseni yake itarudishwa mwezi wa nane, kwa hiyo atakuja kwa basi.