Bonde Lisilokuwa Tupu

Hakuna neno lililolidhuru bonde la Kilombero kuliko neno "tupu". Lilitamkwa zamani za utawala wa Waingereza, nalo lingali likitamkwa na watu wajiitao wapenzi wa maendeleo. Aghalabu mwenye kulitamka ni mgeni aliyefika Kivukoni mwezi wa Agosti, akasimama ukingoni, akaona majani makavu mpaka upeo wa macho, wala hapana nyumba. Laiti angalirudi mwezi wa Aprili, pale pale aliposimama angalikuta ziwa.

Wandamba, wenyeji wa mtoni, hawakuishi katika bonde hili kwa kushindana na mafuriko bali kwa kuyafuata. Mpunga hupandwa mvua zianzapo, ukakua pamoja na maji. Na mlinzi wake hukaa juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akifukuza ndege na nguruwe hali maji yapita chini ya miguu yake. Maji yakipungua, mavuno huvunwa, kisha kazi huhamia kwenye mitumbwi, nyavu na migono, wakavuliwa kambale na kitoga waliozaliana penye mafuriko. Basi mahali pamoja huwa shamba, huwa mto, huwa malisho ya sheshe, kila jambo kwa zamu yake. Kupatazama siku moja na kupaita patupu ni sawa na kuiita nyumba gofu kwa kuwa mwenyewe amekwenda sokoni.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeingia katika kosa hilo hilo. Katika kufasiri maana ya ardhi ya jumla imetia ndani yake hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Nani aamue kuwa haitumiwi, na aamue mwezi gani?

Tena kipimo chenyewe hakipimi watu wote sawasawa. Huko Mngeta, mwaka 1986, shamba lipatalo hekta 5,800 lilikabidhiwa kampuni ya ubia wa Korea na Tanzania. Kampuni ikashindwa, shamba likalala miaka mingi, wanavijiji wakaingia kulima. Alipopatikana mwekezaji mwingine, wao ndio waliotakiwa kuondoka. Ardhi yenye hati ya kampuni ikilala kwa miaka, haiitwi tupu. Mbuga ya mvuvi ikilala miezi michache chini ya maji, huitwa tupu.

Watajibu wapinzani kwamba Wandamba si peke yao bondeni, kwamba Wambunga waliingia katika karne ya 19, na Wasukuma na ng'ombe wao wakaja baadaye sana. Ni kweli, wala hoja hii haimtafuti aliyetangulia. Watasema pia kwamba sheshe wamepungua mno, na hilo nalo ni kweli. Eneo hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002 si bure. Lakini sheshe walikaa na wenye madungu kwa vizazi vingi. Walipoanza kutoweka, bonde lilikwisha kuingiwa na matrekta na makundi makubwa ya mifugo. Amri isiyotofautisha mambo haya haimlindi sheshe wala mtu.

Msomaji asidhani kuwa hesabu hii ni ya Kilombero tu. Waseneca, taifa mojawapo katika shirikisho la Haudenosaunee huko Marekani, walifunga mkataba na serikali ya nchi hiyo mwaka 1794, wakaahidiwa kuwa ardhi yao haitadaiwa. Mwaka 1965 bwawa la Kinzua lilikamilika katika mto Allegheny, na watu wapatao 600 wakahamishwa, hata makaburi yakafukuliwa. Huko nako palikuwa na wataalamu, ramani na hoja ya manufaa ya wengi. Tofauti ni kwamba maji ya Kinzua yalikuja yakabaki, na ya Kilombero huja yakaenda zake, yakiwaachia watu samaki na rutuba.

Mwaka 2023 sehemu kubwa ya bonde ilitangazwa kuwa pori la akiba, na katika pori la akiba hairuhusiwi kuishi wala kulima. Mipaka yake na ya vijiji itazamwe upya mara mbili, mwezi wa Agosti na mwezi wa Aprili. Na hiyo mara ya pili mpimaji awe ndani ya mtumbwi, na pondo alishike mzee wa Kindamba.